Nani Atasema Ananijua?

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata kama barua ni ndefu, maana sina mwingine wa kumwambia, na ukinijibu baada ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi utakuwa unamjibu mtu aliyekwisha kufunga virago.

Mimi ni msichana, niko mwaka wa kwanza chuoni, nasoma takwimu. Nimelelewa na shangazi yangu, dada yake marehemu baba, tangu sijang'oa jino la kwanza, na yeye ni dobi wa hospitali, anafua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa kwenye chumba chenye mvuke mwingi kiasi kwamba ukivaa miwani huoni kitu, na likizo zote za sekondari nilikuwa nakwenda naye kukunja mashuka nikapata chochote cha kununulia madaftari, na msimamizi wao, mama mmoja mkali asiyecheka, alikuwa ananiita Msomi na kuwaambia wengine watazame Msomi anavyokutanisha pembe.

Nilipopata nafasi ya chuo nikapewa na mkopo, na hapo ndipo tulipokosea sote, kwa sababu mtaani kwetu neno likishatoka kwamba mtoto wa fulani amepata mkopo watu wanajua amelipiwa kila kitu, wakaja kumpongeza shangazi, shangazi akafurahi, nami nikafurahi, hakuna aliyesoma kule chini palipoandikwa kwamba mkopo wenyewe ni wa sehemu ya ada. Sehemu iliyobaki shangazi ameilipa kwa kushika zamu za wenzake mpaka mgongo ukakataa, na sasa anafanya kazi ya kukunja tu akiwa amekaa, na ada ya mwaka wa pili haipo. Yeye hajaniambia habari za mgongo. Ni yule msimamizi aliyenipigia simu, akasema nisimwambie shangazi kwamba amenipigia.

Mshauri, mimi nimefundishwa kwamba shida ya nyumba haitoki mlangoni. Shangazi alikuwa anasema, "Mtu akikuuliza umekula, sema umeshiba." Basi siku ya kwanza nilipofika bwenini, tuko wanne chumbani, wenzangu wakapanga kuchanga na kupika pamoja, na huyu anayelala kitanda cha chini yangu akaniuliza kama nitachanga, nikasema nina ndugu mjini nitakuwa nakula kwake. Sina ndugu mjini. Tangu siku hiyo wakianza tu kumenya vitunguu navaa viatu kana kwamba natoka, nakwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma za maktaba na mkate wangu, nasoma mpaka nione wamemaliza kuosha vyombo, ndipo narudi na kusema ndugu yangu anawasalimu. Wamenipa jina la Mgeni. Mwanzoni ulikuwa utani, nikacheka nao, lakini sasa nadhani hawakumbuki ninaitwa nani, na sioni nitaanzia wapi kuwakumbusha.

Shangazi akipiga simu huniuliza kama nimepata marafiki, nami sikutaka alale na wasiwasi, nikamwambia ninaye mmoja, tunasoma pamoja, anapenda chai ya sukari nyingi, anachekesha. Nimemtunga. Shangazi sasa hakati simu bila kusema nimsalimie rafiki yangu, na mwezi uliopita alituma kifurushi, nikafungua nikakuta foronya mbili alizoshona kwa mkono kutoka kwenye shuka lake la zamani la maua, moja yangu na moja ya rafiki yangu. Nililia mpaka kichwa kikauma. Mto ninao mmoja, kwa hiyo nimeuvisha zote mbili, moja juu ya nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kwenye ubao wa matangazo kuna taasisi inayotoa ufadhili kwa wanaoingia mwaka wa pili, wanalipa ada yote mpaka mtu amalize, na mwisho wa kupokea maombi ni hiyo Ijumaa niliyoitaja. Wanataka matokeo, na matokeo yangu ni mazuri. Wanataka insha ya kujieleza, hiyo nimeiandika na kuifuta hata sijui mara ngapi, kila nikiisoma naona kama tangazo la kazi. Halafu wanataka barua mbili, moja ya mwalimu wa hapa chuoni anayenifahamu, nyingine ya mtu yeyote anayenifahamu asiye ndugu yangu. Hizo barua ndizo zimenishinda. Nimekaa hapa karibu mwaka mzima na hakuna mtu anayenijua. Kwenye ukumbi wa mihadhara tuko wengi kama siafu, nami nakaa nyuma ya nguzo.

Kuna mhadhiri mmoja tu aliyewahi kunitambua, na yeye ndiye ninayemkimbia. Muhula wa kwanza alirudisha karatasi za jaribio, yangu nilikuwa nimekosa swali moja tu, lakini juu ameandika kwa wino mwekundu, "Njoo ofisini unione." Wiki hiyohiyo walikuwa wanawatoa madarasani wasiomaliza ada, nami nilikuwa sijamaliza, nikajua nimekwisha. Sikwenda. Nikahamia nyuma ya nguzo, na nikimwona kwenye korido nageuza njia, na shangazi akamaliza kulipa ile ada, lakini kwa wakati huo nilikuwa nimeshachelewa sana kwenda, ningemwambia nini?

Juzi nilikwenda duka la kuchapisha lililo nje ya geti kutoa nakala za matokeo. Mwenye duka akaliona lile tangazo mkononi mwangu, akaniambia barua za wahadhiri anazo tayari, zina mihuri, nichague tu ninayemtaka. Nikamwambia hao watu hawanijui. Akasema, "Dada, hakuna mfadhili anayeuliza kama mnajuana. Wanatazama mhuri." Sikukubali na sikukataa, nilisema nitarudi, na tangu nitoke pale kila nikifunga macho naona ile mihuri.

Mshauri, niambie. Nikachukue ile barua nibaki chuoni, au nirudi nyumbani nikakae na shangazi tukunje mashuka? Njia ya tatu mimi siioni.

Ni mimi msomaji wako, kutoka mabwenini.

* * *

Marahaba, mwanangu. Nimekusikiliza mpaka mwisho, sasa nawe tulia.

Tuanze na huyo bwana wa mihuri, kwa sababu yeye ndiye mwenye haraka. Usirudi dukani kwake, hata kutoa nakala. Wafadhili hupiga simu. Siku watakapompigia huyo mhadhiri kumuuliza habari za mwanafunzi asiyemjua, utakosa ufadhili, na huenda ukakosa na chuo, kisha utarudi kwa shangazi ukiwa na kitu cha kuficha ambacho hata yeye hakukufundisha kukificha. Mtu anayesoma takwimu ajue kupima hatari. Na ukipita ofisi nyingine ukaambiwa utoe chochote ndipo upewe ufadhili, ondoka. Mfadhili wa kweli anatoa, haombi.

Sasa hilo la wino mwekundu. Binti, nimelisoma nikaweka barua chini nikaenda kuchota maji ya kunywa. Ada ina ofisi yake, na ofisi hiyo haijawahi kumsahau mtu. Mwalimu mwenye rundo la karatasi za ukumbi mzima hashiki kalamu kumwita mwanafunzi aliyekosa swali moja ili amdai ada. Alikuwa anataka nini? Sijui. Nawe hujui, na muhula mzima umejibanza nyuma ya nguzo unamkimbia mtu usiyejua ana habari gani mkononi. Waliotangulia walisema mficha uchi hazai, na hawakuwa wanasema habari za nguo.

Simlaumu shangazi yako. Alikulea kwa heshima, na somo lile la kusema umeshiba lilikuwa la majirani wenye midomo, wanaouliza ili wakasimulie. Wewe umelibeba ukalipeleka mpaka ofisi ya ustawi wa wanafunzi, ambako watu wanalipwa mshahara ili wakuulize kama umekula. Hao ndio wa kuambiwa ukweli.

Kesho asubuhi chukua ile karatasi ya jaribio, ninajua hukuitupa, uende nayo kwa mhadhiri. Mwambie uliogopa, na uliogopa nini. Usizunguke. Kisha mwonyeshe tangazo na matokeo yako, na nusu ukurasa ulioandika kuhusu unakotoka na unachotaka kufanya na hizo takwimu, maana hata mwalimu mwema hawezi kuandika juu ya mtu aliyemwona kwa mgongo tu. Mwulize kama anaweza kukuandikia barua nzuri. Nasema nzuri. Akisita, mshukuru, uende kwa mwingine siku hiyohiyo, usingoje Ijumaa ikukute mlangoni.

Barua ya pili unaniuliza ataandika nani. Kweli hujamwona? Yuko mama mmoja mkali asiyecheka, si ndugu yako, aliyekutazama ukifanya kazi likizo baada ya likizo na akakupa jina la Msomi kabla hujawa msomi. Mgongo wa shangazi yako ulipoumia alikutafuta akakupigia simu. Mtu asiyekujua hapigi simu ya namna hiyo. Mpigie leo, umwombe, na mkiwa mnaongea umwulize kama chama cha wafanyakazi wa hospitali kina mfuko wa kusomesha watoto wa wanachama, na kama mtoto wa kulea anahesabiwa. Mifuko kama hiyo mara nyingi hukaa bila mwombaji kwa sababu kila mtu anadhani ni ya watu wengine.

Ukitoka hapo nenda ofisi ya ustawi. Mkopo na ufadhili ni vitu viwili, na nyumbani kwenu mlivichanganya kama wengi wanavyovichanganya: mkopo utaulipa ukishaanza kazi, ufadhili haulipwi, ila una masharti yake, na mara nyingi alama zikishuka unaondolewa. Soma kila karatasi mpaka ile mistari midogo ya chini, maana ndiyo iliyowaponza. Uliza kama mkopo wako unaweza kuombewa nyongeza, kwa kuwa hali ya nyumbani imebadilika, na uende na barua ya daktari kuhusu huo mgongo. Uliza kazi za wanafunzi pia, maktaba haiwezi kukosa cha kumpa mtu anayejua kukunja pembe zikakutana. Na usiishike taasisi moja kama mke wa kwanza. Omba na ule ufadhili mdogomdogo wa kununua vitabu tu au kulipia chumba, haba na haba hujaza kibaba.

Sikuahidi kwamba utapata. Wanaoomba ni wengi na wengine wana shida kukuzidi. Ninachojua ni kwamba anayeomba hunyimwa mara nyingine, na asiyeomba hunyimwa kila mara.

Ile insha inayofanana na tangazo la kazi, ichane. Waandikie habari za kile chumba chenye mvuke. Waandikie juu ya ngazi za maktaba. Mimi nimeijua sura yako kwa barua hii moja, sasa wao utawanyima kwa nini?

Na shangazi mpigie, umwambie unajua habari za mgongo. Msimamizi nitamwomba radhi mimi hapa gazetini. Mnafichana kwa sababu mnapendana, yeye huko amekaa na maumivu peke yake, wewe huku na mkate wako peke yako, na hakuna kati yenu aliyelala vizuri kwa siri hiyo.

Limebaki jambo la mwisho, na hili lisingoje kesho. Jioni ya leo wenzako wakianza kumenya vitunguu, usivae viatu. Kaa. Waambie huna ndugu mjini. Kama huna cha kuchanga, changa mikono, osha vyombo, chumba cha watu wanne hakikosi kazi. Watashangaa kidogo, labda mmoja atacheka, vumilia. Halafu vua foronya ya juu, uikunje kama ulivyozoea, umpe huyo wa kitanda cha chini, maana katika mwaka mzima yeye ndiye aliyekuuliza kama utakula nao. Mwambie shangazi yako amemshonea. Wala hutakuwa umedanganya. Shangazi alimshonea rafiki yako, alikuwa tu hajajua ni nani.

Atasema asante, Mgeni. Hapo umwambie jina lako. Hata mimi, katika barua yote hii, hukuniambia.