Maji ya Chumvi kwa Mitetea Yako

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepiga magoti kabla ya kuliandika neno hilo, ingawa magoti yenyewe siku hizi yanalalamika kuliko ulivyowahi kulalamika wewe. Leo asubuhi nimeokota yai tepetepe kiotani nyuma ya jiko, halina ganda, utando tu, na moyo ukanirudisha kwenye kitanda chako hapa Bugomora, mwaka ule ulipougua kifua.

Unakumbuka ulivyonipokea? Binti wa wafuga ng'ombe kutoka mbuga za Kimuli, sijui jembe, sijui kuku anakula nini. Kwetu kuku hakuwa mfugo. Alikuwa kelele za nyumba za wengine. Ukamwambia mwanao, nami nasikia, kwamba umeletewa mkwe anayemwamkia ndama kabla ya mama mkwe. Hapo ulinisingizia. Nilikuamkia wewe kwanza.

Ulipolala, mitetea yako wakabaki mikononi mwangu. Nilitaka uamke uwakute wamenona. Basi nikafanya nililoliona kwa baba tangu utoto: ng'ombe akitakiwa apate afya, hunyweshwa maji ya chumvi. Nikatia chumvi kwenye kigae chao cha maji, tena bila choyo. Wakanywa, wakarudi kunywa tena, nami nikajiona mfugaji kweli kweli.

Haukupita muda wakaanza kuhara, na mayai yakabadilika. Kwanza ganda jembamba, ukiligusa linabonyea. Baadaye hakuna ganda kabisa. Jirani yetu Mama Byera alipoliona moja likitikisika kama kibofu, alilirudisha chini taratibu, akasema nyumba ambayo kuku wake wanataga hivyo, mwenye kuku haamki. Akanishauri wachinjwe wote, waliwe na wanaume, maana sisi wanawake hatukuwa tukila kuku wala yai. Nilimwamini, Mama, ila kuwachinja kuku wako sikuthubutu. Tangu siku hiyo sikuwa nikitafuta mayai kiotani. Nilikuwa nikitafuta uhai wako.

Nilijaribu kukuficha, lakini ulikuwa ukiwasikiliza kuku wako kutoka kitandani. Ukaniita, ukataka nikuletee yai. Nikakuwekea lile laini kiganjani. Ukauliza wanakula nini, wanalala wapi, wanakunywa nini. Hapo kwenye kunywa nilikujibu kwa fahari.

Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika, nikadhani nimekuua.

"Mwanangu," ukasema ulipopata pumzi, "hawa si ng'ombe wa baba yako. Ndiyo maana maharage yako yamepooza. Chumvi yangu wanakunywa kuku."

Ukaniagiza nisugue kigae, niweke maji matupu, niwaache wachakure juani kwenye majivu, kisha nitwange maganda yaliyoachwa na vifaranga niwachanganyie kwenye ukoko wa ugali. Nilitwanga kama mtu anayetwanga dawa ya mgonjwa, na mgonjwa niliyemfikiria hakuwa kuku.

Walipona. Yai gumu la kwanza nilikimbia nalo ndani, nikakuambia sasa utaamka. Uliligonga kwa ukucha, ukalisikiliza.

"Kuku amepona," ukasema. "Mimi usinifunge kwenye yai, mwanangu. Likivunjika utajilaumu bure."

Ukanirudishia, ukataka niliweke chini ya koo aliyekuwa akiatamia.

Uliondoka kabla halijatotolewa. Matangani Mama Byera alinitazama kama mtu anayesema, si nilikuambia? Mayai ya siku ile tuliyokuzika yalikuwa na maganda magumu. Mimi ndiye niliyeyaokota, na nilikaa nayo kwenye kanga nisijue pa kuyapeleka. Nilikuwa nimekukasirikia kidogo, naungama. Kuku wako walitimiza sehemu yao, wewe hukutimiza yako.

Kifaranga kilitoka, na kuku ninaowafuga leo ni uzao wake. Dunia imegeuka, Mama. Malori yanapakia kahawa Omurushaka, na pale kwenye vibanda vya chai wanawake wanakula yai mchana kweupe. Nami nilijaribu moja. Nililimeza kama kwinini, macho mlangoni, nisije nikakuona unaingia.

Sasa hili la leo. Mke wa mjukuu wako ndiye aliyekuwa nami kwenye kiota. Alipoliona akauliza kwa sauti ndogo ni nani anaumwa humu ndani. Maneno ya Mama Byera bado yanatembea, ingawa mwenyewe alishatangulia. Nilimtazama yule mtoto wa watu, hofu imemjaa usoni, nikajiona mimi. Nikamshika mkono, tukaenda mpaka kwenye kigae cha kuku, nikachota maji kwa kiganja, nikaonja. Akanicheka. Na yeye nikamwonjesha.

Hayakuwa na chumvi. Tumetwanga maganda.

Pumzika, Mama. Maharage yamekolea siku hizi.

Mkazamwana wako,
yule wa ng'ombe