Kiti cha Kijani Kando ya Mfereji

Keumbu, Alhamisi, Aprili 1974

Mvua imeanza saa nane, kama inavyofanya kila siku mwezi huu, na bati la chumba changu linapiga kelele hadi sisikii cherehani ya fundi wa jirani. Afadhali. Nisipomsikia yeye, naye hanisikii, wala hatajiuliza ninaandika nini mchana wa siku ya kazi.

Ninakuandikia kwa Kiswahili, shajara, na sababu unaijua. Mama mwenye nyumba anasoma Ekegusii. Mkubwa wangu kule Kisii anasoma Kiingereza. Kiswahili hapa ni cha sokoni na cha askari, na sidhani kuna mtu atakayejisumbua kukisoma kurasa mbili nzima. Ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango narudi kuutikisa mara tatu.

Leo tabia hiyo imenitia aibu ambayo sijui nitaiweka wapi.

Nianze na mradi. Mimi ndiye afisa wa maendeleo wa sehemu hii, bado sijathibitishwa kazini, na mradi wa maji wa pale mlimani ndio wa kwanza niliousimamia mwenyewe. Watu walichimba mtaro kwa mikono yao, wanaume kwa wanawake, tangu kwenye chemchemi ya juu hadi penye tambarare mbele ya lango la Mzee Ombati. Tangi tulilijenga. Mfereji wa kufungulia maji tuliufunga kwenye ncha ya paipu, wa shaba, unang'aa. Siku ya kuufungua akina mama waliimba mpaka wakakauka koo.

Wiki ya pili hakuna aliyekuja kuteka.

Niliwaona kwa macho yangu. Wanatoka majumbani na mitungi, wanafika karibu na lango, wanageuza nyuso, wanapita kwenye migomba na kuteremka hadi kijito cha zamani, kule kwenye utelezi na ruba. Wakirudi wanahema. Maji safi yako hatua ishirini kutoka kwao na hawayataki. Niambie, mtu mwenye akili timamu atafikiri nini? Mimi nilifikiri kuna mtu amewakataza.

Nikaanza kumtafuta mtu huyo, na haikunichukua muda kumchagua. Kwamboka, kiongozi wa akina mama, mwenye sauti nzito na kicheko cha kukufanya uangalie kama vifungo vya shati lako viko sawa. Mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, kwa hiyo nyumbani anaamua yeye. Nilipomuuliza mbele ya kamati kwa nini hawateki, wenzake walitazama chini. Yeye akanitazama mimi.

"Maji yako ni matamu, Bwana Maendeleo," akasema. "Lakini yana macho."

Wakacheka kidogo. Nilirudi nyumbani nikaliandika neno hilo kwenye daftari langu la kazi na kulipigia mstari. Nililiona ni tisho.

Jumatatu mfereji ukatoweka. Mtu aliung'oa akaziba paipu kwa gunzi la mahindi, vizuri sana, hata tone halikuvuja. Sikujiuliza mwizi gani hukumbuka kuziba paipu. Niliona tu kwamba nilikuwa nimekisia kweli. Jana jioni nikampa askari wa chifu barua, na ndani yake nimeandika jina la Kwamboka, na lile neno la macho, na ombi kwamba aulizwe hadharani kwenye baraza.

Baraza ni kesho.

Sasa ngoja nikueleze kuhusu kiti, kwa sababu kila kitu kimeanzia hapo. Kabla maji hayajafunguliwa, niliogopa mfereji wa shaba usije ukaonekana soko la Daraja Mbili umepangwa juu ya gunia pamoja na misumari na bawaba. Basi nikaleta kiti kutoka ofisini, cha mbao, kilichopakwa rangi ya kijani, nikakiweka hatua mbili kutoka kwenye mfereji. Mbele ya watu wote nikamwita Mzee Ombati, nikamwambia serikali imemheshimu kuwa mlinzi wa maji. Alikipokea kiti kwa mikono miwili. Kisha nikawa napita kwa baiskeli bila kutarajiwa, asubuhi na jioni, kuhakikisha yupo. Alikuwepo kila mara, amejifunika uso kwa kofia. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mlinzi hulala kazini.

Leo asubuhi Mzee Ombati amekuja hapa chumbani. Amepanda kilima kwa miguu, na koti lake la kanisani, ingawa si Sabato. Nikampa kiti. Akakikataa.

"Nimekaa vya kutosha, mwanangu," akasema.

Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba na kukiweka mezani kwangu. Nikakifungua. Mfereji.

Alisema askari amepita kwa Kwamboka kumwambia afike baraza, na kwamba mwanamke huyo hakuchukua kitu. Alisema ameung'oa yeye mwenyewe, akidhani serikali ikikuta paipu haina mfereji itachoka na kuyapeleka maji kwingine. Kisha akatazama dirisha na kuniuliza polepole, "Wale wanawake wa pale kwetu ni wake wa nani?"

Nikakaa kitandani.

Ni wake wa wanawe. Na wa wana wa ndugu zake, mlima mzima. Ni wakwe zake wote, na mkwe hapiti mbele ya baba wa mumewe akainama kujaza mtungi, nguo ikipanda nyuma ya magoti, mzee ameketi hapo anatazama. Sisi tunaita ensoni, ile aibu ya heshima kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Hakuna anayeieleza kwenye mkutano, kwa maana kuitaja tu ni kuivunja. Mzee hakuwa amelala chini ya kofia. Alikuwa anafunga macho ili mmoja wao apate kuteka.

Na mimi ni Mgusii! Nimezaliwa Nyamira. Nimeona mke wa kaka yangu akizunguka nyumba nzima kwenye matope ili asikutane na baba mlangoni. Nimeliona hilo tangu utotoni na sikulikumbuka hata siku moja. Chuoni tulifundishwa kupima mteremko, kuchanganya saruji, kuandika nani amehudhuria mkutano. Nilipochagua mahali pa mfereji niliuliza kuhusu mawe na urefu wa paipu. Sikuuliza nani atakutana na nani. Pengine hata bila kiti pangekuwa pagumu, pale langoni. Lakini kiti ndicho kilichowafukuza kabisa, na kiti nilikileta kwa sababu niliwaona wezi kabla hawajagusa chochote.

Kwamboka alijaribu kuniambia, kwa adabu yote aliyoweza. Mimi nikayageuza maneno yake kuwa ushahidi.

Mzee aliniuliza jambo moja zaidi akiwa mlangoni. "Nisimame mbele ya wakwe zangu niseme nini?" Akavaa kofia akateremka.

Basi niko hapa. Nikikaa kimya, kesho Kwamboka atasimamishwa mbele ya watu kama mwizi. Nikieleza yote, mzee atavuliwa heshima mbele ya wanawake wale wale aliowafungia macho. Nimekwenda kwa chifu saa sita kuomba barua yangu. Ameenda Kisii, harudi hadi kesho, moja kwa moja barazani.

Nikuungamie na hili. Alipoondoka tu mzee, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba huenda anamkinga Kwamboka. Nimeushika mfereji nikaugeuza dirishani, natafuta alama za koleo, kana kwamba ningejua koleo ni la nani. Nilijichukia. Nimeurudisha kwenye jani lake. Sitaki kujua.

Kesho nitafika barazani kabla ya chifu, na mfereji mkobani. Barua ikisomwa, au kabla haijasomwa nikiwahi, nitasimama na kusema mfereji huu hapa, wala hakuna aliyeiba. Wakiuliza nani aliung'oa, nitawaambia haukustahili kuwekwa pale, na aliyeuweka ni mimi. Nitamwomba Kwamboka msamaha mbele ya watu, kwa kuwa jina lake nililitoa mbele ya watu. Nitawaomba akina mama wachague wenyewe mahali, nami nisimame mbali wanapochagua. Mkubwa wangu akisikia, sijui kama nitathibitishwa. Naogopa, sikufichi.

Halafu nitapita kwa Mzee Ombati, nitafunga kile kiti nyuma ya baiskeli, nikirudishe ofisini. Nitakikalia mwenyewe.