Mama Anialike Kwake

Jumanne, 14 Mei. Miaka tisa na miezi miwili tangu niondoke Uvira, Kongo.

Kumbe mimi ni mtalii. Wenzangu kazini wenye pasipoti ya Uingereza wanaomba viza ya Tanzania kwenye simu huku wanakula. Mimi nina hati ya kusafiria ya mkimbizi, yenye jalada zuri kabisa, kwa hiyo nimeambiwa nilete barua ya mwaliko. Mwenyeji wangu huko Kigoma ni mama yangu mzazi, anayeishi huko sasa. Anatakiwa athibitishe kwamba mgeni wake ataondoka.

Nilimpigia wakati wa mapumziko, nje ya ghala ninalofanyia kazi hapa Hayes, London. Mama huniuliza kila Jumapili nitarudi lini. Leo, nilipomweleza habari ya barua, aliuliza jambo jingine.

"Niweke dole gumba kwamba utaniacha?"

"Ndiyo, mama. Bila hivyo sifiki."

"Na ukitaka kubaki?"

"Utakuwa umeidanganya serikali."

Akacheka, kisha akakohoa sana. Kikohozi hicho ndicho kinachonitia haraka.

Jioni jirani yake amenitumia picha ya barua. Dole lipo, jeusi, limekandamizwa vizuri. Ila mahali pa tarehe ya kuondoka mama amekataa pajazwe.

Nitapajaza mwenyewe kesho. Tarehe 30 Agosti, narudi London.