Nati ya Gurudumu la Kushoto

CHAMA CHA WAKULIMA WA MTUA, NACHINGWEA

Kumbukumbu za kikao cha dharura, Jumamosi, 14 Novemba 1953, kwenye banda la trekta.

Waliohudhuria: Mzee Seleman Nangunde (Mwenyekiti), Bi. Mwanaheri Salimu, wanachama wengine tisa, na Eustakio Fidelis (Katibu).
Aliyeitwa: Fundi Hasani Mpota.
Asiyehudhuria: Bashiri Likwata, anaumwa mgongo tangu jana.

KUMB. NA. 1/53: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu asubuhi, akasema hana maneno mengi. Alisema hadi saa tatu u nusu.

KUMB. NA. 2/53: KUACHISHWA KAZI KWA FUNDI
Mwenyekiti alieleza kwamba trekta imelala wiki nzima, mvua ziko mlangoni, na Fundi ameshindwa na nati ya kwanza tu ya gurudumu la kushoto. Alipendekeza aachishwe leo, arudi kwao Ruangwa.

Fundi, ambaye alihamishia mke na watoto hapa mwezi uliopita, alijibu kwamba nati za upande ule hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha nyingine. Ndivyo alivyofundishwa kwenye karakana ya mradi wa karanga. Tangu Jumatano alikuwa akizimwagia mafuta ya taa ili kutu ilainike, na alichora mshale kwa chaki. Leo ameikuta nati imekazwa zaidi na pembe zimeanza kulika.

Mwenyekiti alisema nati haijikazi yenyewe. Fundi aliafiki.

Bi. Mwanaheri aliomba kusema: "Mzee Seleman, jana baada ya sala si wewe na Bashiri mliokuwa mnaning'inia kwenye bomba la kurefushia spana hapa? Mshale mmeuona, mkavuta kwingine!"

Mwenyekiti alieleza kwamba alikuwa akisaidia.

KUMB. NA. 3/53: KUJARIBU
Wanachama waliamua nati ijaribiwe hapo hapo. Fundi aliifuta mafuta, akaipasha moto kwa makaa, akaigonga pande zote kwa nyundo, kisha akavuta kulia. Ililia mara moja, ikaachia. Katibu alifurahi sana.

KUMB. NA. 4/53: MAAMUZI
Fundi anaendelea na kazi. Mwenyekiti alidai nati ilikwisha kulegezwa jana kwa juhudi za viongozi, akaomba iandikwe hivyo. Imeandikwa kwamba aliomba.

Fundi alipoulizwa kama ana neno, alisema zimebaki nati saba, na angependa Mwenyekiti amshikie bomba. Mwenyekiti alivua kanzu.

Kikao kilifungwa saa tano, nati ya nne ikiwa imefunguka.

Katibu: E. Fidelis (sahihi)
Mwenyekiti: atatia sahihi akishanawa mikono.