Matambaa ya Mheshimiwa

Jumapili, 2 Machi

Kesho naanza kazi ya kulea mbwa. Kulea, siyo kuosha. Kuosha tumeshazoea — mwanangu na gari lake, tangi la maji nyuma, meza ya kunyolea, draya inayovuma kama ndege inataka kupaa. Anafika mpaka mlangoni kwa mteja, mbwa anapanda mchafu, anashuka bwana harusi. Paka pia. Juzi sungura! Nani mwingine mtaani kwetu ana mtoto wa hivi? Hakuna. Nimeuliza.

Mimi ni msaidizi. Nashika kichwa, naimba, mnyama anatulia. Mwanangu alisema mikono yangu ina dawa. Alisema mara moja tu, lakini alisema.

Sasa kuna mteja, Bi Fundi. Mjane, fundi cherehani, anashona nguo za mtaa wote wa juu, ule wenye mageti na mbwa wa manyoya marefu. Anakwenda kwa binti yake aliyejifungua, wiki nzima. Mbwa wake ni mzee na kipofu, hahamishiki. Anataka mtu akae naye pale pale nyumbani.

Mwanangu alisita. Hatujawahi kulea, Mama, akasema. Na yule mama akitoa neno moja baya kwa wateja wake, mtaa wa juu ndiyo tumeukosa. Nikamwambia, nimelea wanne wa kwangu, nitashindwa na mmoja mwenye mkia?

Akacheka. Kisha akasema jambo ninaloliandika ili lisipotee: wiki hii ikienda salama, Jumatatu ijayo mchoraji anakuja kuandika gari upya. Ubavuni itakuwa MAMA NA BINTI.

Mama anatangulia. Nimeuliza.

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Nyumba nzuri, ila — sisemi. Aa, nasema, nani anasoma? Vumbi! Nyuzi kila kona, vipande vya vitambaa mpaka chini ya friji. Fundi mzuri, mfagio haujui.

Mbwa anaitwa Mheshimiwa. Jina limemkaa. Kidevu cheupe, tumbo mbele, macho kama maziwa. Lakini anavyotembea! Anatoka chumbani, anapita korido, anakata kona, anafika kwenye bakuli lake bila kugusa ukuta. Kipofu huyu ananishinda mimi mwenye miwani.

Bi Fundi aliondoka mbio, teksi inapiga honi. Ameshika begi, kilemba kinamwanguka, anaongea huku anarudi kinyumenyume. Dada yangu, chakula kipo kwenye friji, asubuhi na jioni. Na tafadhali, usihamishe kitu. Kila kitu kikae mahali pake, umenielewa?

Nikamwambia nenda kabebe mjukuu, hapa hakisogei hata kijiko.

Kitu kimoja kimenishangaza. Matambaa. Yamefungwa chini chini, usawa wa goti langu — jekundu kwenye mguu wa meza ya cherehani, la bluu kwenye mguu wa meza ya jikoni, la kijani kitandani, la njano kwenye bawaba ya mlango wa mbele. Yamechakaa, yananuka. Nikasema, mjane mpweke, kila mtu na mambo yake.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimefanya kazi ya watu sita!

Nimepiga deki nyumba nzima kwa sabuni yangu ya limau. Mara mbili. Nimefua mapazia. Nimefua shuka, kapu zima la nguo chafu, godoro la Mheshimiwa, hata aproni iliyokuwa nyuma ya mlango. Na yale matambaa manne, nimeyafungua, nimeyachemsha, nimeyaanika juani, nimeyapiga pasi. Kisha kila moja nikalirudisha mahali pake, nimelifunga kwa ua kama zawadi. Sijahamisha kitu! Mtu asije akasema.

Nyumba inanukia mpaka barabarani. Dada yangu kanipigia, nikamwambia hapa nilipo hata daktari wa upasuaji anaweza kuvua viatu akafanya kazi sakafuni. Akasema wewe na majigambo yako utazikwa nayo. Nikamwambia sawa, ila sanda nitaifua mwenyewe kwanza.

Bi Fundi akirudi atalia kwa furaha. Namwona!

Mheshimiwa hakula jioni. Ameshiba cha asubuhi, labda.

Jumatano, 5 Machi

Hajala tena.

Amegonga mlango wa jikoni. Amegonga kabati. Ameingia bafuni akakaa humo, ameelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikamtoa kwa mkono. Nikamchemshia kuku, nikamwekea puani. Akanusa, akageuza uso. Amekojoa koridoni, yeye ambaye kila siku anatoka mlango wa mbele mwenyewe kwenda bustanini. Akajisikia vibaya, nimemwona. Mkia katikati ya miguu.

Nikamwimbia. Wapi! Wimbo ule umetuliza mbwa wenye meno ya simba, yeye akaenda zake akagonga kiti.

Mwanangu kapiga simu mchana. Vipi, Mama? Nikasema kazi safi, Bosi. Uongo siyo. Kazi ni safi.

Lakini nimeketi hapa na chai imepoa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejua.

Asubuhi nilikaa kimya koridoni nikamwangalia tu. Akatoka chumbani pole pole. Akaenda mguu wa meza ya cherehani, akanusa tambaa jekundu. Akasimama. Akageuka, akatafuta mpaka akapata meza ya jikoni, akanusa la bluu. Akarudi kwenye jekundu. Akanusa tena. Kisha akaketi katikati ya korido, akainua shingo akalia — siyo kubweka, kulia.

Nikapiga magoti mimi na miaka yangu, nikanusa jekundu. Limau. Nikaenda kwa bluu. Limau. Kijani, limau! Njano, limau!

Jamani. Yale hayakuwa matambaa, yalikuwa vibao vya barabarani. Bi Fundi kakipa kila chumba harufu yake ili mzee wa watu ajue yuko wapi. Na mimi nimevichemsha. Nimevipiga pasi! Kwake sasa nyumba nzima imekuwa chumba kimoja kisicho na mlango.

Nikiwa bado chini, mwanangu akaingia. Ndiyo alikuwa amekuja na gari amwoshe Mheshimiwa, awe anang'aa mwenye mbwa akirudi. Akaniona, akadhani nimeanguka. Nikamweleza. Yote, sikupunguza.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema taratibu: Mama, Bi Fundi alikuambia nini alipoondoka? Nikasema aliniambia nisihamishe kitu. Akasema, na wewe umehamisha nyumba yote bila kugusa kiti.

Mtoto ana maneno! Hata nikiwa nimechomwa nikajisikia fahari. Kayatoa kwangu.

Akachukua shampuu akarudisha garini. Hatumwoshi, akasema. Humu ndani amebaki yeye tu mwenye harufu yake.

Kuhusu mchoraji hakusema kitu. Mimi pia sikuuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Limau limeondoa harufu, lakini doa gumu haliondoki kwa kuchemsha, nani asiyejua? Nimefua maisha yangu yote. Nikayafungua matambaa, nikayapeleka dirishani.

Jekundu: mistari myeusi myembamba. Mafuta ya cherehani! Kopo liko kwenye droo. La bluu: kahawia pembeni. Kahawa. La kijani: doa la mafuta lisilo na rangi, ukilinyanyua kwenye mwanga linapitisha. Nikaenda kando ya kitanda, nikakuta chupa ya dawa ya kuchua magoti. Ndiyo hiyo.

Kwanza tukafuta limau. Mwanangu alirudi na maji moto na siki, tukapiga deki tena, mimi huku yeye kule, tumekutana katikati ya korido matako juu. Akaanza kucheka. Mama, watu wanalipia usafi, sisi tunalipwa kuchafua. Nikamwambia tutaongeza kwenye orodha ya huduma.

Tukaloweka kila tambaa kwa chake. Tukafunga. Tukakaa mbali, tumeshikana mikono kama watu wanaosubiri matokeo.

Mheshimiwa akatoka. Akanusa jekundu — masikio yakasimama. Akasogea. Kona. Akanusa la bluu, akaingia jikoni, hakugonga! Akapata bakuli. AKALA. Kuku wote, na bakuli akalisukuma mpaka ukutani.

Nimelia, ndiyo. Mwanangu kasema ni siki.

Limebaki la njano.

Jumamosi, 8 Machi

La njano limenishinda. Halina doa hata la dawa. Kitambaa chenyewe si kama vile vingine, ni laini, kizuri, cha kuvaa. Nakumbuka hata siku ile nilipolishika nikasema hili mbona safi — nikalitia kwenye sufuria hivyo hivyo. Mkono wangu nao! Ukishaanza haujui kusimama.

Tumejaribu majani ya bustani. Tumejaribu rangi ya viatu, sabuni ya kuogea, nyuzi mpya, chaki ya fundi. Mheshimiwa ananusa kwa adabu, kama mkwe aliyekaribishwa chakula asichokipenda, kisha anarudi zake. Mlango wa mbele haupati. Namtoa kwa kamba kwenda bustanini, na anaona aibu.

Mchana mwanangu akaketi kwenye ngazi, analigeuza lile tambaa mkononi. Akasema, Mama, mlango wa mbele anapita nani kila siku?

Tukatazamana.

Ni yeye. Ni harufu yake mwenyewe Bi Fundi. Akitoka, mbwa analala pale anamnusa mpaka arudi.

Basi ni rahisi, mwanangu akasema, tutafute nguo yake moja ambayo haijafuliwa. Akaniangalia. Nikaangalia miguu yangu. Kapu zima, shuka, mto, aproni. Hata soli za ndala zake nimesugua! Hamna kitu chake ndani ya nyumba hii ambacho hakijawa limau.

Kafuta ndoano ya kabati kwa kidole akanusa, kakata tamaa. Akasema, Mama, kwa kweli unajua kufua. Sijui ilikuwa sifa au kilio. Nimeichukua kama sifa.

Kisha akasema: kesho akirudi nitasema ni mimi. Mimi ndiye mwenye biashara, lawama ni yangu. Wewe nyamaza.

Nikamwambia mtoto hajifungi kanga ya mama yake wakati mama yupo. Nitasema mimi, na mchoraji mwambie asije. Akasema Mama, usinianze. Nikasema nimeshakuanza zamani, miezi tisa.

Hatujaelewana.

Jumapili, 9 Machi

Naandika haraka, nimesimama jikoni, birika liko motoni.

Teksi imefika mapema. Hatujajipanga. Mwanangu alikuwa bado anafunga kamba ya mapazia, mimi na aproni. Tukasikia geti.

Mheshimiwa alikuwa amelala chumbani. Sikumwita. Nimemwona kwa macho yangu: akainua kichwa, akanyanyuka, akapita jekundu bila kunusa, akapita bluu, akanyoosha moja kwa moja mlango wa mbele, tambaa au bila tambaa — akafika kabla kitasa hakijageuka! Mkia unapiga ukuta kama mtu anatwanga.

Bi Fundi akapiga magoti na begi lake, mzee wangu, mzee wangu. Kisha akainua uso. Ameangalia ndani. Mapazia. Sakafu. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye bawaba, akafungua lile ua langu, akaliweka tambaa puani.

Mbwa tu anahema.

Akauliza, nani kafua?

Mimi, nikasema. Mimi, akasema mwanangu. Pamoja! Kama kwaya.

Bi Fundi akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Akasema nina kiu, nimekaa safarini tangu alfajiri. Basi nimekimbilia huku kwenye chai. Mwanangu yuko naye sebuleni. Nasikia sauti yake, chini, anaeleza — siki, kahawa, dawa ya magoti. Ananitaja. Mama alijua kwa madoa, anasema. Mama ndiye aliyeona.

Nilimwambia asinitetee! Haya, acha anitetee.

Mheshimiwa kaja. Peke yake, kona, mlango, hakugonga popote. Kaweka kidevu juu ya mguu wangu.

Huko sebuleni kiti kimeburuzwa, hatua zinaelekea mlango wa mbele.

Sasa Bi Fundi anaita. Dada, anasema, niletee mkasi, ule mkubwa, uko kwenye meza ya cherehani. Mkasi? Wa nini? Nimechungulia mlangoni. Amekaa sakafuni kwenye mlango wa mbele, na anafungua kilemba chake cha njano, taratibu, mzunguko kwa mzunguko, bado kina vumbi la safari na jasho lake —

Chai inafurika. Mkasi kwanza.