Kiti cha Upande wa Sikio Zima

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye mkeka wako, na pembe yako ya vugo, ile uliyoipiga kwa kijiti kwenye nyimbo za harusi, iko mapajani mwangu. Watu wananiambia nisubiri, nisamehe, nikuombee dua. Dua nakuombea. Kusamehe bado, na leo nataka ujue kwa nini.

Baada ya arubaini nilifungua sanduku lako kutafuta kanga za kugawa, nikakuta bahasha ya hospitali. Ndani mlikuwa na karatasi ambayo Mjomba Bakari hakutuonyesha hata siku moja. Nikaichukua mpaka kwa yule daktari aliyekutibu. Alinieleza taratibu, maskini, bila kujua kwamba ananichoma. Ule uvimbe kwenye mshipa wa sikio lako haukuwa saratani, Mama. Ulikuwa mdogo na ulikua polepole. Njia zilikuwa tatu: kuuacha na kuupiga picha kila mwaka, kuupiga mionzi, au kuukata. Yeye mwenyewe angependelea kungoja. Ungebaki na ule mlio wa sikio na kizunguzungu cha hapa na pale, lakini uso wako ungebaki wako.

"Nilimwuliza mama, akaitikia kwa kichwa," akasema. "Na kaka yake akaniambia amechagua kukatwa."

Nikamwuliza nani alikaa wapi. Mjomba alikaa kulia kwako. Daktari alikuwa kushoto, upande wa sikio lililokufa! Ya Rabi! Hukuyashika maneno yake, na Mjomba hakukurudia. Uliitikia vile ulivyomwitikia kila mgeni, kwa adabu, na kwa kuwa kaka yako yupo. Mimi siku hiyo nilikuwa Diani nafua mashuka ya hoteli, wala sikuomba ruhusa. Hilo nalo nalibeba.

Kwa nini alifanya vile? Najua. Posa ya binti yake Rehema ilikuwa imeingia kutoka Jego, naye akiona haya wakwe wakuone unapepesuka njiani. "Watasema ukoo wetu una mapepo," alimwambia mkewe mbele yangu. Akataka uvimbe ukatwe, jambo liishe.

Likaisha kweli. Ulirudi uso umelegea upande mmoja, jicho halifungi, chai inakutoka pembeni mwa mdomo, na kizunguzungu kimezidi. Wewe, uliyekuwa ukianza wimbo wa harusi wanawake wa Msambweni nzima wakaitikia! Pembe ukanipa mimi. "Sina tena mdomo wa harusini," ulisema, ukacheka kwa upande mmoja. Mwaka mzima hukutoka nje ya ua. Kisha ukaanguka ukitoka kutawadha, na mimi ndiye niliyekuosha.

Mazikoni Mjomba alilia kuliko sote. "Dada yangu nilimhangaikia," akawa anawaambia watu. Mnafiki mkubwa!

Sasa harusi ya Rehema ni Ijumaa. Jana Mjomba alikuja mwenyewe na sahani ya halua, akitaka niongoze vugo kama ulivyokuwa ukiongoza wewe. Nikamwitikia kwa kichwa.

Wewe ndiye uliyenifundisha desturi yetu: wimbo wa vugo ukishaanza, mwanamume haukatizi, hata kama unamsema yeye. Basi nimeutunga. Una kiti ndani yake, una daktari, una mwanamke ambaye kaka yake alijibu kwa niaba yake. Rehema hana kosa, simtaji, na nyimbo zake zote za bibi harusi nitamwimbia kwanza, kwa furaha. Wa babake utakuja mwisho, tukishafika barazani kwake, na wakwe wa Jego wameketi naye. Nimejifunza kuuimba na kuipiga pembe mbele ya kioo mpaka mkono umevimba, wallahi.

Lala salama, Mama yangu. Mungu akupe nuru kaburini. Nakuahidi sitalia katikati ya wimbo, na sitaharakisha. Nitaimba kwa mdomo mzima, neno baada ya neno, na Mjomba atasikia yote. Yeye masikio yake yote mawili ni mazima.

Mwanao,
Mwanaisha