Boliti Uliyoikaza Wewe

Baba Robi,

Habari za huko Kerende mgodini? Huku Mbalibali mahindi yameanza kuchanua.

Juzi nilikuwa nampeleka mama yako hospitali, anahema kwa shida, pikapu ikamwaga maji yote. Boliti ya pampu ya maji, uliyoikaza kupita kiasi kwa spana uliyoirefusha kwa kipande cha bomba, ilikuwa imekatikia ndani ya injini. Fundi Sospeter akaichomelea nati, akaanza kuizungusha polepole, mbele na nyuma.

"Ikikatika tena, hamfiki," alisema.

Ikalia, ikatoka.

"Nani aliikaza hivi?"

"Mume wangu." Nikavuta kanga kufunika alama za vidole vyako mkononi mwangu.

Mama yako alikuwa ananitazama. Sasa yuko wodini, anapumua vizuri, naye ndiye aliyeniambia: "Mwanangu, akirudi asikukute."

Mimi,
Waisiko